Mchuna-gome wa Fern Tree: shajara ya mradi

Aprili 13

Leo tumekubaliana mezani, baada ya ugali: tutatengeneza kadi moja ya karatasi ngumu, pande mbili, kwa Kiswahili, ya kumsaidia mtu asiye na darubini kumtambua ndege mmoja wa msitu wa hapa. Mmoja tu. Sisi familia chache tunaozungumza Kiswahili hapa Hobart, mji mkuu wa Tasmania, kile kisiwa cha kusini mwa Australia, wengi wa Kongo, wengine wa Burundi, na sisi wa Tanzania, huwa tunapanda mlimani Jumamosi ambazo hatuna zamu kazini. Watoto huuliza, "Baba, yule ndege gani?" Na mimi niliyekulia Lushoto, mtoto wa msituni, hujibu, "Ndege." Jibu hilo limenichosha kabla halijawachosha wao.

Mke wangu alitaka kadi ya ndege wote. Nimekataa. Tasmania ina spishi 12 za ndege wasiopatikana penginepo duniani, na wanne kati ya hao ni wa familia moja, ile ya wala-asali. Ukitaka kuwabeba wote, mwaka utaisha hujachapa hata ukurasa. Shemeji, yaani kaka yake mke wangu, akatoa hoja: tuchukue yule mgumu kuliko wote wanne. Wa kwanza ni mkubwa kupita wala-asali wote wa Australia, ananing'iniza vishaufu vya manjano mashavuni na analia kama mtu anayesukutua koo. Huyo hahitaji kadi. Wa pili ana koo la manjano, basi. Wa tatu na wa nne ndio wenye kesi, maana ni ndugu na wanafanana. Tumemchagua mmoja wa hao: Melithreptus validirostris.

Aprili 20

Mvua, tumekaa ndani. Kazi ya leo ni jina.

Nimechimbua jina la kisayansi, nikacheka peke yangu. Melithreptus ni Kigiriki, maana yake aliyelishwa asali. Validirostris ni Kilatini, mwenye mdomo wa nguvu. John Gould ndiye aliyemwandika kwa mara ya kwanza, mwaka 1837. Sasa, huyu "aliyelishwa asali" maisha yake yote anakula wadudu: buibui, mende, mabuu, chochote kinachojificha chini ya gome. Nekta anaonja kwa nadra. Ni kama kumwita mtu Mvuvi na hajawahi kulowa miguu.

Hata hivyo ukoo ni ukoo. Familia yake ina spishi takriban 190, nyingi zikiwa Australia na New Guinea, na alama yao ni ulimi wenye ncha iliyochanika nyuzinyuzi kama brashi ya rangi, wa kuramba utamu ndani ya maua. Nilikuwa nimeshaandika kwenye rasimu kwamba ni binamu wa chozi wetu wa nyumbani. Nimefuta. Chozi ana asili nyingine kabisa. Wamefanana kwa sababu wote wawili waliyafuata maua, kila mmoja kwenye bara lake.

Tukabaki na Kiswahili. "Mla-asali" peke yake inachanganya, kwa sababu mtu wa Tabora kama shemeji ukimtajia ndege na asali, anamfikiria yule anayewaita watu kwa kelele mpaka kwenye mzinga. "Mla-asali mdomo-nene" ni tafsiri, si jina. Tumeliacha kwanza. Jina litakuja tukishamwona.

Aprili 27

Matembezi ya kwanza. Fern Tree, ubavuni mwa mlima kunanyi, ambao ramani nyingine zinauita Mount Wellington. Kilele kina mita 1,271, sisi hatukufika hata nusu. Tumefuata ile njia ya mabomba yaliyoanza kuteremshia mji maji tangu miaka ya 1860. Pembeni kuna kangaga zilizosimama kama miti, vigogo vilivyovaa ukoga, na juu yake mikaratusi mirefu.

Niseme kidogo kuhusu mikaratusi. Nyumbani Lushoto tunaijua kama miti ya nguzo na kuni, imepandwa kwa mistari, na wazee wanailalamikia kwamba inamaliza maji. Nilikuwa nadhani ni mti mkavu usio na wenyewe. Hapa ndiko kwao, na kila mmoja una wapangaji wake. Magome yake yanabanduka yenyewe, yanakaa yakining'inia kama matambara kwenye kamba ya kuanikia. Ndani ya kila tambara kuna kitu kimelala.

Ndege hatujamwona. Shingo imekaza mpaka nimeshindwa kugeuka nyuma wakati wa kuendesha gari.

Mei 11

Tumempata! Na hatukumpata kwa macho.

Tulikuwa tumesimama kunywa chai ya chupa. Shemeji akainua kidole, akasema, "Shemeji, kuna mtu anachuna." Baba yake alikuwa mfugaji nyuki, na mizinga yao ilitengenezwa kwa magome ya miti ya miombo, alipokuwa mtoto alikwenda naye porini kuyachuna, kwa hiyo sauti ile anaijua tangu akili yake haijakomaa. Mimi nilisikia mvua. Yaani kama matone makubwa yanaanguka hapa na pale kwenye majani makavu, tak, kimya, tak-tak. Lakini mbingu ilikuwa kavu.

Kikaanguka kipande begani kwangu. Gome jembamba, refu kama kidole cha kati, upande wa ndani bado una unyevu na utando wa buibui uliochanika. Tukatazama juu. Walikuwa kama sita kwenye shina moja, meta 15 hivi juu. Mmoja alikuwa amejishikiza kichwa chini, ameingiza mdomo kwenye ufa, akausukuma kando, akavuta kwa kurudisha mwili wote nyuma kama mtu anayeng'oa muhogo. Gome likaachia. Akatazama pale palipobaki wazi, akadonoa mara mbili, akahamia tawi kubwa linalofuata. Katikati ya kazi walikuwa wakiitana kwa sauti fupi kali, tsip, tsip.

Nyumbani kazi hiyo ningeihusisha na kigogota. Lakini Australia nzima haina kigogota hata mmoja. Ng'ambo ya bahari, kwenye bara la Australia, kuna ndege wengine wanaopanda mashina na kuchokoa magome. Tasmania hao nao hawapo. Basi kazi haikukosa mtu. Huyu wa ukoo wa maua ameishika yeye, na mdomo wake umekuwa mrefu na imara kuliko wa ndugu zake wenye jina la Melithreptus.

Jina limepatikana palepale: mchuna-gome. Shemeji anadai ni lake, nami nimemwachia.

Mei 18

Kuandika sura. Nimeandika hivi, kwa kutumia tuliyoyaona na kuyalinganisha na vitabu vya maktaba:

Ana sentimita 15 hadi 17, anamzidi shomoro kidogo, na ameshiba kifuani. Kichwa cheusi. Kisogoni kuna utepe mweupe unaotoka karibu na jicho moja, unazunguka nyuma, unafika karibu na la pili, kama mtu aliyefunga kitambaa kwa nyuma. Juu ya jicho kuna kihilali cha ngozi tupu, rangi ya buluu iliyopauka. Kidevu cheusi, koo jeupe. Mgongo una kijani cha zeituni, tumbo ni kijivu chenye hudhurungi. Dume na jike huwezi kuwatenganisha kwa rangi.

Binti yangu, ana miaka 14, amepewa kazi ya kuchora. Macho yake yamekuwa kwenye simu muda mrefu, afadhali penseli.

Juni 8

Theluji imefika chini kuliko kawaida, hatukupanda. Mchoro umekamilika na ni mzuri kweli. Tumechapisha kadi 30.

Juni 22

Aibu. Acha niiandike kama ilivyo.

Tulikuwa tunagawa kadi mwanzoni mwa njia. Mzee mmoja mwenyeji, mwenye fimbo na kofia ya sufu, akaomba kuiona. Akaigeuza, akaitazama kwa adabu, akauliza tumerudi lini kutoka bara. Sikuelewa. Akagusa jicho la ndege kwenye mchoro kwa ukucha: kihilali chekundu.

Binti alikuwa ametafuta picha mtandaoni. Aliona kichwa cheusi, utepe mweupe kisogoni, mgongo wa kijani, akachora alichokiona, bila kukosea hata unyoya. Kumbe ni Melithreptus lunatus, ndugu mdogo wa upande wa bara, ambaye haishi Tasmania kabisa. Huyo kihilali chake ni chekundu cha kuelekea chungwa. Mimi niliyeandika "buluu" kwa mkono wangu ndiye niliyeupitisha mchoro. Mtoto hana kosa.

Kadi 30 zimekuwa karatasi za kuandikia orodha ya sokoni. Funzo la kazi limeingia kwenye rasimu mpya: ukikuta picha mtandaoni, kagua rangi ya kihilali kwanza, kisha kagua picha ilipigwa wapi. Wa kwetu anaishi kwenye kisiwa hiki, na kwenye King na Flinders, visiwa vilivyoko katika mlangobahari wa Bass. Chekundu ni cha ng'ambo.

Julai 20

Siku ni fupi mno, jua linaingia mapema na zamu zangu za usiku hazisaidii. Matembezi mawili, hakuna kitu. Rasimu imelala.

Agosti 17

Sasa yule wa nne, pacha wa uongo. Anaitwa Melithreptus affinis, naye ni wa Tasmania na visiwa vya jirani pekee. Tumekwenda kumtafuta Kingston, hifadhi ya Peter Murrell, ambako msitu ni mkavu na mwanga unapenya. Tumemwona kwa dakika moja tu: kichwa cheusi kizima, mpaka kooni, kimeishia kifuani kama kibwebwe kilichopanda juu. Kisogoni hamna utepe. Mdogo zaidi, sentimita 14 hivi.

Kwenye kitabu hiyo ni tofauti ya wazi sana. Juu ya mti, ukiwa umemtazama kwa chini, si wazi hata kidogo. Kisogo ndicho kitu cha mwisho utakachokiona kwa ndege aliye juu ya kichwa chako. Unachokiona ni tumbo, kidevu na nyayo. Hapo ndipo koo linaposaidia kuliko kisogo: likiwa jeupe chini ya kidevu cheusi, ni mchuna-gome, likiwa jeusi tii, ni pacha. Lakini hata hilo linataka mwanga, na msitu wa Fern Tree una kiza kama cha nyumba iliyofungwa mapazia.

Kilichotusaidia zaidi ni kuangalia anafanya kazi wapi. Pacha alikuwa kwenye majani, mwisho wa vitawi, anaokota vidudu kati ya majani kama mtu anayechambua mboga. Hakugusa shina. Mchuna-gome ni wa shina na matawi manene, na hupenda zaidi misitu yenye unyevu. Si sheria ya chuma, kwa sababu nje ya msimu wa kuzaliana huweza kuonekana pamoja katika msafara mmoja. Ila kundi likipita, tazama nani ameshuka kwenye gome.

Nilikuwa nataka kuandika mengine ila nimeumwa na yule sisimizi mweusi wa hapa mwenye miguu ya manjano, anayeruka. Macho juu mtini, mguu juu ya kichuguu chake. Kwa watu wenye mzio huyu si wa mchezo, anaweza kumziba mtu pumzi. Mimi nimevimba kifundo tu. Tumeongeza mstari kwenye kadi: simama pasafi kabla hujatazama juu. Shemeji alitaka tuongeze na nyoka, kwamba Tasmania ina aina tatu na zote zina sumu. Nikamwambia tukiandika hivyo, akina mama hawatatoka tena nyumbani.

Septemba 14

Tumebadilisha mpangilio mzima wa kadi. Nimegombana kidogo na mke wangu kuhusu hili, na ameshinda kwa hoja.

Mimi nilitaka rangi zitangulie, kama vitabu vinavyofanya: kichwa, kisogo, jicho, mgongo. Yeye akauliza, "Wewe ulimjua kwa nini siku ile?" Kwa sauti ya magome. "Na shemeji yako?" Kwa sauti hiyohiyo. "Sasa mbona unamficha mtu mlango uliopitia wewe?"

Kwa hiyo mpangilio mpya ni huu: kwanza sikio, yaani vipande vinavyodondoka na ile tsip fupi. Pili ardhi, maana magome mabichi yaliyotawanyika chini ya shina moja yanaonyesha kwamba kundi limepita au bado lipo. Tatu kazi, nani yuko kwenye gome na nani kwenye majani. Rangi zinafuata mwisho, kwa ajili ya kuthibitisha.

Oktoba 5

Kisiwa cha Bruny. Gari hadi Kettering, kivuko, dakika kama 20, watoto wamependa kivuko kuliko ndege wote. Bruny inasifika kwamba spishi zote 12 za Tasmania pekee zinapatikana hapo, na wageni huja na kamera zenye lenzi kama bomba la bazuka.

Sisi tulikwenda kwenye msitu wa unyevu upande wa Adventure Bay. Nilimpa mtihani dada mmoja wa Bukavu ambaye hajawahi kushika darubini. Nikampa rasimu mpya, nikakaa kimya. Alisoma mara moja, akatembea akiwa ameinama. Nikadhani ameangusha kitu. Kumbe anasoma ardhi! Dakika chache akasimama chini ya mkaratusi mmoja, akaokota gome, akalinusa, akasema, "Hili ni la sasa hivi, kaka." Juu kulikuwa na watatu. Mmoja alikuwa amebeba mdomoni uzi mrefu wa gome bila kuuangusha, akaruka nao moja kwa moja mpaka kwenye matawi yanayoning'inia. Ni msimu wa kujenga. Kiota chao ni kikombe kirefu cha magome na nyasi kilichotundikwa kwenye majani ya mkaratusi. Hatukusogea karibu.

Gome ni stoo ya chakula, gome ni ukuta wa nyumba. Nimemweleza yule dada kwamba mti mkubwa wenye magome mengi ndio shamba la ndege hawa, akajibu kwamba kwao pia watu wanakata shamba la wengine bila kujua. Tukaendelea kutembea.

Novemba 9

Makinda wametuchanganya. Fern Tree, karibu na maporomoko madogo, kundi lenye wakubwa wanne na wadogo wawili. Wadogo wana mdomo wenye rangi ya chungwa na miguu ya chungwa pia, utepe wa kisogoni una umanjano, na duara la manjano limezunguka jicho. Ukiwaona peke yao unaweza kuapa ni ndege mwingine. Ila waliwafuata wakubwa shina kwa shina wakidai chakula kwa kelele, na mmoja alijaribu kuchuna akaachia na kuanguka nusu mita kabla ya kukumbuka kwamba ana mabawa. Mstari mmoja umeongezwa: mwenye mdomo wa chungwa ni mtoto wao.

Binti amechora upya. Upande wa kwanza ni ndege mwenyewe, kihilali cha buluu, kimekaguliwa na watu watatu. Upande wa pili hakuna ndege. Amechora shina la mkaratusi linavyoonekana kwa mtu aliyesimama chini yake, linapanda na kuwa jembamba, matambara ya magome yamening'inia, na vipande vitatu viko hewani. Nilimwambia hii ndiyo ingekuwa kadi nzima. Akanijibu kwamba alijua tangu Mei, ila hakuna aliyemuuliza.

Tumechapisha 20 tu safari hii, na tumezitia plastiki.

Novemba 23

Toleo jipya limeingia msituni. Watu 11, kadi zote zimegawiwa isipokuwa nne. Mtoto wetu wa mwisho, ana miaka sita, hasomi vizuri bado lakini ameukariri ule mchoro wa upande wa pili. Kabla ya kufika kwenye daraja alisimama, akanivuta suruali. "Baba. Anachuna."

Kweli kulikuwa na sauti. Tukanyamaza watu wote. Vipande vikaanguka, tena vingi, vingine vikubwa kama kiganja. Nikainua darubini, nikaona jitu jeusi, kubwa kama kunguru, jicho la manjano, linabomoa mti kwa mdomo mnene bila aibu. Naye pia hupenda kutafuta wadudu kwenye magome. Naye pia ni mmoja wa wale 12.

Mtoto akauliza, "Huyu ndege gani?" Safari hii nilikuwa na jibu, lakini jina lake kwa Kiswahili bado hatujalitunga. Shemeji amepewa hadi Jumamosi ijayo. Kwenye kadi, toleo la tatu, nitaandika: kipande kikubwa kama kiganja, si wa kwetu.